Vitabu vya kitaaluma vya historia na sanaa ya China: tuanze na vipi, na tuvipangeje?

Kibo_Msomaji (Moshi)

Wakuu, habari za mchana.

Kikundi chetu cha wasomaji hapa Moshi kimepata chumba karibu na Soko la Mbuyuni, na tumekubaliana rafu moja iwe ya China: historia, sanaa, falsafa. Tumepewa maboksi matatu ya vitabu vya mtumba, vingi vya miaka ya 1950 hadi 1980, na tuna kama milioni moja na laki mbili za kuongezea. Watakaovitumia ni walimu wa sekondari, waongoza watalii wanaopokea wageni kutoka China, na wanafunzi wawili wa uzamili.

Kinachotukwamisha kwanza ni majina. Tunaorodhesha kwenye Excel na mtu mmoja anatokea mara tatu kwa tahajia tatu. Kitabu hiki kinasema Ch'ing, kile Qing, kingine Chhing. Pili, kuna anayeshauri tununue Cambridge History of China nzima, na mwingine anasema Science and Civilisation in China, ule mfululizo wa Joseph Needham kuhusu sayansi ya China. Tatu, hivi vya zamani tuviache au vibaki? Na masika yakija, vitabu vya picha tuvitunzeje? Karatasi zake zinanatana.

---

Rafu_ya_Nne (Arusha)

Kibo, malizeni suala la majina kabla ya kununua hata kitabu kimoja. Mkikosea hapo orodha yote itayumba, na mtajikuta mnanunua kilichomo tayari kwenye boksi.

Vitabu vyenu vya zamani vingi vitakuwa vimeandika majina kwa Wade-Giles, mfumo wa zamani wa kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini. Vya sasa vinatumia Pinyin, ambayo China iliipitisha mwaka 1958, na Maktaba ya Bunge la Marekani ikahamia huko Oktoba 2000. Basi safu kuu ya orodha yenu iwe ya Pinyin, na pembeni yake muwe na safu ya jina kama lilivyochapwa kitabuni. Hilo la zamani msilifute. Msomaji akifungua faharasa ya kitabu chenyewe, ndilo atakalolikuta.

Katika Wade-Giles mzigo wote umebebwa na apostrofi. P, t na k zisizo na apostrofi huwa b, d na g. Zikiwa nayo hubaki p, t na k. Ndiyo maana Tao imekuwa Dao, na T'ang imekuwa Tang. Hs huwa x, kwa hiyo Chu Hsi ni Zhu Xi. Ts tupu huwa z, yenye apostrofi huwa c: Ts'ao Ts'ao ni Cao Cao. J huwa r. Inayosumbua kweli ni ch. Ikiwa tupu ni zh, lakini mbele ya i au ü ni j. Ikiwa na apostrofi ni ch, lakini mbele ya i au ü ni q. Hivyo Cheng Ho ni Zheng He, Ch'ing ni Qing, Chin ni Jin. Chih na ch'ih zimejitenga na kanuni hiyo: ni zhi na chi.

Wauzaji wa mtandaoni, na hata wachapaji wengine, huziacha apostrofi. Sisi tunaotofautisha ng'oa na ngoa tunajua hasara yake. Ch'in ya 221–206 KK, ambayo leo ni Qin, inafanana kabisa na Chin, ambayo ni Jin. Na Jin kubwa zenyewe ziko mbili, kila moja na herufi yake ya Kichina: ile ya 266–420 BK, na ile ya Wajurchen, watu wa kaskazini-mashariki, ya 1115–1234. Ukiona "Chin" kwenye jalada usibuni. Fungua utangulizi utazame miaka. Ile Chhing yenu ni ya Needham, ambaye aliiweka h mahali pa apostrofi: Thang, Chhin, Chhing. Ni mfumo wake mwenyewe.

Majina ya waandishi: kwa Wachina ukoo hutangulia, ila wachapaji wa Ulaya na Marekani mara nyingi waligeuza. Katika vitabu vya zamani tazameni kistari. Sehemu yenye kistari ni jina la mtu, isiyo nacho ni ukoo. Ho Ping-ti na Ping-ti Ho ni mtu mmoja, wa ukoo wa Ho. Fung Yu-lan, ambaye historia yake ya falsafa ya Kichina ilitoka Princeton kwa juzuu mbili miaka ya 1952–1953 na huenda mnayo kwenye maboksi, leo anaandikwa Feng Youlan. Kuweni macho na koo zenye silabi mbili kama Ssu-ma na Ou-yang, maana huko kistari kiko kwenye ukoo: Ssu-ma Ch'ien, mwanahistoria wa enzi ya Han, ni Sima Qian.

Wafalme nao wana majina matatu: la kuzaliwa, la hekalu walilopewa baada ya kufa, na la kipindi cha utawala. Zhu Di, Chengzu na Yongle ni mtu yule yule. Desturi ya vitabu vingi ni kutumia jina la hekalu kuanzia Tang hadi mwisho wa enzi ya Yuan, kisha jina la kipindi kuanzia Ming mwaka 1368, kwa sababu kuanzia hapo karibu kila mfalme alikuwa na kipindi kimoja tu. Na mkiandika jina la hekalu tangulizeni enzi kila mara. Taizong wa Tang na Taizong wa Song wametengana kwa zaidi ya miaka 300.

---

MwlHistoria_Njiro

Mkuu, Cambridge msiinunue yote. Mfululizo huo ulianza kutoka mwaka 1978 kwa juzuu la 10, si la 1, na kila juzuu ni nene na ghali. Umetengenezwa kwa ajili ya kutafutia jambo: unaingia na swali, unasoma sura moja, unatoka na tanbihi zake. Mwalimu wa kidato cha tano hawezi kuusoma kama kitabu. Tena unaanzia Qin na Han. Yaliyotangulia yamewekwa katika kitabu kingine kinachojitegemea, The Cambridge History of Ancient China cha 1999, na hicho kinatumia Pinyin wakati juzuu za zamani za mfululizo mkuu zinatumia Wade-Giles. Mtu akiviweka pamoja bila kujua hilo atadhani anasoma habari za nchi mbili.

Uti wa mgongo wa rafu yenu uwe ule mfululizo wa juzuu sita wa Harvard uliohaririwa na Timothy Brook, uliotoka kati ya 2007 na 2010. Mark Edward Lewis ameandika tatu za kwanza (Qin na Han, kipindi cha mgawanyiko, Tang), Dieter Kuhn ameandika Song, Brook mwenyewe Yuan na Ming, William Rowe ameandika Qing. Zimepangwa kwa mada: miji, ukoo, sheria, dini, mashamba. Mwalimu akitaka somo la kodi au la familia analipata palepale bila kupita katika orodha ya wafalme. Msipomudu zote kwa mara moja, chukueni Tang, Yuan na Ming, na Qing. Hizo ndizo zinazogusana zaidi na maswali ya wageni na ya darasani.

Cha kuanzia kwa msomaji mpya kabisa: Patricia Ebrey, The Cambridge Illustrated History of China, toleo la 2010 au la baadaye. Kwa karne za karibuni, Jonathan Spence, The Search for Modern China. Toleo la kwanza la 1990 linaishia kwenye matukio ya 1989, kwa hiyo likiwa la bei ya chini lichukueni mkijua linakoishia.

Needham naye ni vilevile. "Juzuu la 5" si kitabu kimoja; limegawanywa sehemu nyingi, kila sehemu kitabu kamili chenye mwandishi wake. Nunueni sehemu mnayoihitaji tu: ya 1 ni karatasi na uchapaji, ya Tsien Tsuen-hsuin (1985), na ya 12 ni ufinyanzi, ya Rose Kerr na Nigel Wood (2004). Muuzaji akiandika "Needham vol. 5" bila kutaja sehemu, mwombeni picha ya mgongo wa kitabu na ya ukurasa wa ISBN kabla ya kulipa. Fanyeni hivyo kwa kila kitu chenye juzuu zaidi ya moja. Watu huuza juzuu la kwanza peke yake kwa jina la seti nzima. Na ulizeni uzito, maana vitabu vya sanaa ni vizito na nauli inaweza kupita bei ya kitabu.

Vya zamani msivitupe, ila vitengeni. Ardhi ya China ilitoa mengi katika muda mfupi: makaburi ya Mawangdui yalichimbwa 1972 hadi 1974, askari wa udongo wa Mfalme wa Kwanza wa Qin walionekana 1974, kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme wa enzi ya Shang, 1976, mashimo mawili ya Sanxingdui 1986. Kitabu cha China ya kale kilichochapwa kabla ya 1975 hakiyajui mambo hayo, na hitimisho lake kuhusu shaba ya Shang au maandishi ya Han linaweza kuwa limekwisha kupinduliwa. Bandikeni karatasi ya rangi mgongoni ili mwanafunzi ajue. Tafsiri za maandishi ya kale haziozi namna hiyo. Tafsiri ya Sima Qian ya Burton Watson ya 1961 bado inasomwa na kunukuliwa, na Watson aliongeza juzuu la Qin mwaka 1993.

---

Tanbihi_Kwanza (Moshi)

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu Harvard, lakini kwa wale wa uzamili haitoshi. Wanatakiwa kuona wanahistoria wakipingana.

Mkikuta kwenye maboksi vitabu vya John Fairbank vya miaka ya 1950, vina msimamo wake: China ya karne ya 19 inaelezwa kama nchi inayoitikia msukumo kutoka Magharibi. Viwekeni bega kwa bega na Paul Cohen, Discovering History in China (1984), aliyeuchambua msimamo huo na kudai historia ianzie ndani ya China yenyewe. Kwa Qing, wasome hotuba ya Evelyn Rawski ya 1996 kuhusu nafasi ya Wamanchu, watu walioitawala China wakati wa Qing, na jibu kali la Ping-ti Ho la 1998. Zote mbili ziko katika Journal of Asian Studies, ni kurasa chache, hazihitaji kununua kitabu. Baada ya hapo juzuu la Rowe litasomeka kwa macho mengine kabisa. Kwa uchumi, Kenneth Pomeranz, The Great Divergence (2000), anayelinganisha bonde la chini la Yangzi na Uingereza na kusema tofauti kubwa ilikuja kwa kuchelewa, kuelekea 1800. Msomaji wa Afrika anapata mengi ya kubishana nayo humo.

Makala za JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, mtu binafsi anaweza kusoma kadhaa bure kila mwezi mtandaoni akijisajili. Wanafunzi waulize pia maktaba ya chuo chao kama ina usajili.

---

Vigae_vya_Pwani (Arusha)

Upande wa sanaa naona umepitwa haraka, nao ndio utakaowafaa waongoza watalii.

Kitabu cha jumla ni The Arts of China cha Michael Sullivan. Kimetoka matoleo mengi tangu miaka ya 1960. La 6 la 2018 limeandaliwa na Shelagh Vainker, la 5 la 2008 linatosha kabisa, ya zamani zaidi yanaangukia lile tatizo la uchimbaji alilosema Mwalimu. Kando yake wekeni Art in China cha Craig Clunas (1997). Hicho hakifuati enzi. Kinauliza kitu kilitumika wapi: kaburini, ikulu, hekaluni, nyumbani kwa wasomi, sokoni. Ukisoma vyote viwili unaacha kuiona picha ya mlima kama pambo tu, unaanza kuuliza nani aliiagiza na nani aliruhusiwa kuitazama. Cha tatu, mkibakiwa na hela, ni Ten Thousand Things cha Lothar Ledderose (2000). Kinaonyesha jinsi mafundi walivyotengeneza vitu vingi kwa kuunganisha vipande vilivyosanifishwa, kuanzia vyombo vya shaba na askari wa udongo hadi majengo na uchapaji. Kwangu hicho ndicho kitabu bora kumpa mtu asiyeijua China kabisa.

Kabla ya kununua kitabu cha kaure kifungueni katikati. Kila picha iwe na vipimo, jumba la makumbusho na namba ya kitu. Kikikosa hayo ni kitabu cha kupamba meza. Kitazameni pia jinsi kinavyozungumzia alama ya chini ya chombo. Alama ya kawaida ina herufi sita, inasomwa juu kwenda chini kuanzia mstari wa kulia: mbili za enzi, mbili za kipindi, mbili za mwisho zinazosema kilitengenezwa katika miaka hiyo. Da Ming Xuande nian zhi, kwa mfano. Ila mafundi wa wakati wa Kangxi wa Qing, mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa ya 18, waliandika alama za vipindi vya Ming vya Xuande na Chenghua kwenye vyombo vyao wenyewe, na wengine waliendelea hivyo baada yao. Mwandishi anayetaja umri wa chombo kwa alama pekee, bila kuangalia kisigino chake, udongo, rangi ya kobalti na umbo, mwekeni pembeni.

Na msisahau kwamba ushahidi mwingine uko hapahapa Tanzania. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi yalipachikwa bakuli za kaure za Kichina, na Kilwa Kisiwani vimechimbwa vigae vya kaure na vya seladoni, ile ya kijani inayopata rangi kwa chuma kidogo kikichomwa kwenye tanuri lenye hewa haba. Ripoti ya Neville Chittick ya Kilwa (1974) ina juzuu mbili. Vitu vilivyopatikana viko katika la pili, kwa hiyo msikubali kuuziwa la kwanza peke yake. Upande wa maandishi, Zhao Rugua mwaka 1225 aliandika habari za nchi aliyoiita Cengba, ambayo wasomi wanaichukulia kuwa pwani ya Zanji, yaani pwani ya Afrika Mashariki. Tafsiri ya Hirth na Rockhill ya 1911 haina tena hakimiliki na inapakuliwa bure Internet Archive. Jalada linamwandika "Chau Ju-kua", kwa hiyo mkitafuta kwa Pinyin mnaweza msiione. Lipelekeni moja kwa moja kwenye ile safu ya pili ya Rafu_ya_Nne.

---

Kibo_Msomaji (Moshi)

Asanteni sana wakuu, nimechapa yote na kuyabandika ukutani. Mawili yamebaki. Ndani ya boksi la tatu kuna kile kitabu cha Gavin Menzies kiitwacho 1421, na waongoza watalii wanakigombania. Tukiweke wapi? Na karatasi za picha bado hamjanijibu.

---

Vigae_vya_Pwani (Arusha)

Kibaki, lakini kisikae kwenye historia. Madai yake kwamba meli za China zilifika Amerika na kuizunguka dunia kati ya 1421 na 1423 yamekataliwa na wanahistoria wa Ming, kwa sababu hakuna hati wala masalia yanayoyabeba. Robert Finlay aliyapitia moja baada ya jingine katika Journal of World History mwaka 2004. Chapeni makala hiyo muitie ndani ya jalada.

Cha kushika mahali pake ni Zheng He cha Edward Dreyer (2007), kuhusu amiri aliyeongoza meli hizo za Ming. Safari zilikuwa saba, kati ya 1405 na 1433, na twiga wa Malindi alifika ikulu ya Ming mwaka 1415. Waongoza watalii watapenda pia tafsiri ya J. V. G. Mills ya Ma Huan (1970), ila waambieni mapema: Ma Huan alisafiri na msafara huo, lakini kitabu chake hakifiki Afrika Mashariki. Mogadishu na Barawa zimo kwa mwenzake Fei Xin. Mgeni akiuliza urefu wa meli kubwa, jibu salama ni kwamba kipimo cha zhang 44 (zhang ni kipimo cha urefu cha Kichina) kilichoandikwa kwenye historia rasmi ya Ming bado kinabishaniwa na wanaojua ujenzi wa meli za mbao.

---

Rafu_ya_Nne (Arusha)

Karatasi ya picha inang'aa kwa sababu imepakwa tabaka la udongo mweupe, mara nyingi kaolini, huo huo wa kaure, pamoja na gundi. Maji yakiingia gundi inalainika, na kurasa zikikaukia zimebanana zinakuwa kitu kimoja. Kwa hiyo kitabu cha picha kilicholowa kisikaushwe kikiwa kimefungwa hata kidogo. Kingali kibichi, tenganisheni kila ukurasa kwa karatasi isiyonata, ile ya kuokea keki inafaa, kisha kisimamisheni penye feni, si juani. Vikilowa vingi kwa mara moja na mikono haitoshi, kila kimoja kiingie kwenye mfuko wa nailoni na kwenda kwenye friza. Humo havikauki, lakini kunata kunasimama hadi mpate nafasi ya kukishughulikia kimoja kimoja.

Vilivyokwisha kushikana na kukauka msivivute, rangi itabaki upande wa pili. Andikeni kwenye orodha kurasa zilizopotea, kisha tafuteni nakala. Jumba la Metropolitan la New York limeweka bure kwenye tovuti yake vitabu vyake vingi vilivyoisha madukani, vya sanaa ya China vikiwemo, na mara nyingi kile kilichoharibika kiko huko kizima.

Kwa masika ya Moshi, rafu ikae sentimita 5 mbali na ukuta na tabaka la chini liwe sentimita 10 au zaidi juu ya sakafu. Nunueni kipima unyevu kidogo. Kikivuka asilimia 65 kwa siku kadhaa mfululizo kuvu itaanza, hapo fungueni madirisha saa za jua na kuwasha feni. Msivishe vitabu nailoni iliyobana, inafungia unyevu ndani. Vile vikubwa vya picha vilazwe, visizidi vitatu kwa rundo, maana vikisimama kurasa nzito huning'inia na kung'oa mshono wa mgongo.